Rimoti Inapokataa: Tupime Kwanza Kabla ya Kutoa Pesa



Deki ya DVD katika nyumba zetu haikupatikana bure. Mara nyingi imenunuliwa kwa mshahara uliowekwa kidogo kidogo, au kwa mchango wa nyumba tatu nne za kambi moja. Basi siku rimoti inapokataa kufanya kazi, jasho letu ndilo linalokuwa hatarini, kwa sababu wengi wetu hukimbilia kununua rimoti nyingine, au hata deki nyingine, kabla ya kujua kosa liko wapi.

Sisi wenyewe yalitupata. Deki ya ukumbi wetu ilikataa kuitika Jumamosi moja, watu wakiwa wamekwisha kukaa. Tuliipeleka mjini, tukaambiwa imeungua ndani, afadhali tununue mpya. Tulipokuwa tukipanga mchango, mwenzetu mmoja wa chumba cha kufungia bidhaa aliomba aitazame. Alikuta karatasi ya namba tuliyoibandika wenyewe siku mbili nyuma, tulipoandikisha mali ya ukumbi. Ilikuwa imeziba jicho la deki. Aliibandua, na deki ikaitika pale pale. Nauli yetu ilikuwa imekwenda bure.

Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza jambo hili kwa utaratibu.

RIMOTI HUFANYAJE KAZI?

Kwenye kichwa cha rimoti mna taa ndogo sana. Taa hiyo hutoa mwanga wa infraredi, ambao macho ya binadamu hayauoni. William Herschel aliugundua mwanga huo mwaka 1800, alipoweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu ya mwanga wa jua, mahali pasipoonekana rangi yo yote, akakuta joto bado linapanda.

Ukibonyeza kitufe, taa hiyo huwaka na kuzimika kwa kasi kubwa, katika mashine nyingi kama mara 38,000 kwa sekunde. Mapigo hayo hukatwa vipande virefu na vifupi, kama ngoma ya kupashana habari, na deki huyapokea kwa jicho lake lililo mbele. Kila kampuni hupanga mapigo yake. Ndiyo maana rimoti ya jirani yaweza kuwa nzima, na deki yako isiielewe.

Wenzetu wa viwandani wanalifahamu jambo hili. Jicho linalohesabu katoni kwenye mkanda mara nyingi hutumia mwanga wa aina hiyo hiyo. Vumbi likilijaa, kazi husimama, wala mkanda haujaharibika.

TUANZE WAPI?

Kwanza, bonyeza vitufe vya deki yenyewe. Ikiwaka na kucheza, basi mashine ni nzima kwa sehemu kubwa. Kosa limo katika rimoti, au katika jicho, au katika nafasi iliyo kati yao.

Pili, tazama betri. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja, wala usichanganye mpya na kuukuu. Hakikisha alama za + na − zimekaa mahali pake. Ukiona unga mweupe au maji maji kwenye springi, betri imevuja. Betri za alkalini zikivuja, futa springi kwa pamba yenye siki kidogo au maji ya limau, kisha kausha vizuri. Usiguse macho kabla ya kunawa.

Tatu, tumia simu yenye kamera. Elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe, utazame kioo cha simu. Rimoti ikiwa hai utaona taa yenye rangi ya zambarau au nyeupe ikimetameta. Kamera nyingine za nyuma zimewekewa kioo kinachozuia mwanga huo, kwa hiyo jaribu pia ile ya mbele. Jaribu kwanza kwa rimoti nyingine unayojua ni nzima, ili ujue kamera yako yaona. Visanduku vingine vya siku hizi vina rimoti za mawimbi ya redio. Hizo hazitoi mwanga huu hata zikiwa nzima.

Nne, soma ulichokiona. Taa ikiwaka kwa baadhi ya vitufe tu, chini ya vile vingine mna uchafu, mafuta au soda iliyomwagika. Toa betri, fungua rimoti, osha mpira wa vitufe kwa maji na sabuni, futa kibao cha nyaya kwa spiriti, uache vyote vikauke kabisa. Taa ikimetameta pasipo kubonyeza, kitufe kimoja kimekwama, nacho ndicho kinachomaliza betri zako. Isipowaka kabisa hata kwa betri mpya, rimoti ndiyo mgonjwa.

Tano, taa ikiwaka vizuri na deki bado haiitiki, geukia upande wa deki. Ondoa kitambaa cha kufuma kilichoning'inia mbele yake. Futa vumbi. Sogea karibu, hatua mbili tatu, uelekeze rimoti moja kwa moja. Funga mlango ikiwa jua linapiga kwenye jicho. Zima taa za tyubu na balbu za kuokoa umeme, kwani baadhi yake hutoa mapigo yanayolichanganya jicho. Mwisho, chomoa deki ukutani, ngoja dakika chache, uchomeke tena.

HATARI MBILI

Kufungua rimoti si hatari, kwa kuwa betri zake mbili hutoa volti 3 tu. Kufungua deki ni jambo lingine. Ndani yake umeme wa zaidi ya volti 300 waweza kubaki umehifadhiwa hata baada ya kuichomoa. Hiyo mwachie fundi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Rimoti nyingine ndogo hutumia betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, yaweza kumuunguza ndani kwa muda wa saa 2. Usimtapishe, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja, na useme amemeza betri. Rimoti ambayo kifuniko chake hakifungi, ifunge kwa utepe wa gundi, uiweke mbali na watoto.

UKIFIKA KWA FUNDI

Mweleze uliyoyapima: "Vitufe vya deki vyafanya kazi, rimoti inatoa mwanga, lakini jicho halipokei." Jicho lenyewe ni kitu kidogo, kwa kawaida chenye miguu 3, nacho hubadilishwa peke yake bila kuitupa mashine. Akikuambia yote imekufa, mwombe akuonyeshe.

Tumeyaandika haya ili anayesoma amsomee na jirani yake. Kupima kwanza huchukua robo saa. Pesa ya deki mpya huchukua miezi.