Wajukuu wa Wakara Waliovuka Ng'ambo

Mkulima wa Kiingereza aliyehamia Marekani katikati ya karne ya 19 hapotei kirahisi. Sensa ilimpitia kila baada ya miaka kumi, na kuanzia ile ya 1850 kila mtu huru wa kaya yake aliandikwa kwa jina na umri. (Watumwa waliandikwa bila majina, na wazao wao wanataabika na pengo hilo hadi leo.) Kama alichukua ardhi ya serikali chini ya sheria ya 1862, yaani ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano, alifunguliwa jalada. Juu ya hayo alikuwa na jina la ukoo ambalo mwana, mjukuu na kitukuu walilipokea kama lilivyo. Kanda ya Ziwa nayo ina wakulima wake waliohama, lakini anayewatafuta kwa njia hiyo, jina mkononi na macho kwenye majalada, atarudi mikono mitupu na kutangaza kwamba Waafrika hatuna kumbukumbu. Kumbukumbu tunazo. Amekosea pa kuanzia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Wakara. Ukara ni kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe, karibu kilometa za mraba 80, chenye miamba mingi na udongo wa kichanga. Thornton na Rounce walikieleza katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records, mwaka 1936, na walichokikuta si cha kawaida: watu waliolima mwaka hadi mwaka bila kuipumzisha ardhi. Ng'ombe alifugwa ndani, kwenye shimo, akaletewa majani na maji. Samadi ilibebwa hadi shambani. Katikati ya uwele ulipandwa mmea wa marejea, ukaachwa ukue baada ya mavuno, kisha ukafukiwa ardhini uwe mbolea. Zamu ya njugu mawe ilifuata. Hata majani ya ng'ombe yalipandwa. Kazi hiyo ilikilisha kisiwa, ila haikuweza kukipanua. Mashamba yaligawanywa kwa watoto, na kwa watoto wa watoto, hadi yakawa vipande vidogo mno. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita idadi ya wakazi ilisimama karibu 16,000, ilhali akina mama wa Ukara walizaa kama wenzao wa kwingineko. Takwimu hiyo iliyoganda ndiyo shahidi wetu mkubwa. Magonjwa yaliua, ndiyo, lakini hayaelezi yote: waliozidi walivuka maji. Wengine waliishia Ukerewe, wengine wakaendelea hadi bara, upande wa Sengerema na Geita, ambako baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mapori ya mbung'o yalikuwa yakifyekwa na pamba ikiingia.

Huko alama zao zilifutika upesi. Mtu angetarajia kumtambua Mkara kwa ukulima wake, kwa kuwa hakuna aliyelima kama yeye. Ajabu ni kwamba waliopata ardhi tele bara waliuacha utaalamu huo. Ng'ombe alitolewa shimoni akaenda kuchungwa, marejea yakasahaulika, na Mkara akalima kama jirani yake Msukuma. Huo haukuwa uvivu. Samadi hubebwa kichwani na mtu asiye na ardhi nyingine. Mwenye pori la kufyeka hana sababu ya kujitesa. Lugha ilifuata, kwani mtoto huzungumza lugha ya anaocheza nao. Jina nalo halikusaidia. Kwa desturi yetu mtoto huchukua jina la baba yake, kwa hiyo jina la babu huanguka njiani, na kitukuu wa mhamiaji leo anaweza kuitwa Masanja au Mabula, majina ambayo mwalimu wa Geita huyaita mara kadhaa katika darasa moja. Serikali nayo iliacha kuuliza: sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuandika kabila la mtu. Miaka michache baadaye Operesheni Vijiji ikazihamisha kaya tena, na majirani waliofahamiana tangu safari ya mtumbwi wakatenganishwa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba utafutaji uanzie kisiwani, kwa waliobaki, na ufuate mali. Aliyeondoka ana kila sababu ya kusahau. Anataka akubalike ugenini. Aliyebaki hana ruhusa ya kusahau. Analima kipande cha kaka yake aliyevuka, na anajua kwamba siku yoyote mtoto wa huyo kaka anaweza kutokea na kuuliza mpaka ulipita wapi. Vivyo hivyo kwa ng'ombe wa mahari. Familia iliyotoa ng'ombe inakumbuka walikwenda kwa nani, kwa binti yupi, na kama deni lilimalizika. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliisimamisha juu ya ndoa inayovutwa huku na huku na familia mbili. Riwaya si daftari la ukoo, lakini inatuonyesha mahali ambapo kumbukumbu ya watu wa visiwa hivi imehifadhiwa: kwa wakwe. Anayeuliza upande wa baba peke yake anaacha nusu ya mashahidi nje ya baraza.

Karatasi zina kazi yake, ila zije baadaye. Iliyo bora kwa upande huu ni daftari la ubatizo. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883, na baadaye wakafungua misheni ya Kagunguli huko Ukerewe. Daftari la ubatizo huonyesha tarehe, jina la mtoto, la baba, la mama, na la msimamizi. Wengi huishia hapo, kumbe hazina iko pembeni ya ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka mtu anapofunga ndoa parokia nyingine, taarifa irudishwe parokia alikobatizwa na iandikwe kando ya jina lake. Kwa hiyo kijana aliyebatizwa Ukerewe akaoa Geita anaweza kukutwa kwenye daftari la alikotoka, pamoja na mahali alikofika. Hakuna orodha ya kodi ya kichwa inayofanya hivyo. Bila shaka njia hii inawafaa Wakatoliki tu, na inategemea paroko aliyekumbuka kutuma taarifa.

Watakuwapo wa kusema kwamba maneno ya wazee hayaaminiki: mzee huruka vizazi na kumpa babu yake sifa ambazo hakuwa nazo. Ni kweli. Lakini karatasi za kikoloni nazo ziliandikwa na karani aliyekisia umri kwa macho, mbele ya watu wenye kila sababu ya kukwepa kodi. Tofauti ni kwamba neno la mzee linaweza kupimwa. Mwenye shamba na anayelidai hawana maslahi mamoja. Wanapotaja jina lilelile, jina hilo lina uzito. Wengine hukimbilia vipimo vya vinasaba. Vipimo hivyo vinaweza kuonyesha kwamba watu wawili ni ndugu iwapo wote wamepimwa, lakini ni Wakara wangapi waliopimwa?

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la siasa: kwamba kuchimbua nani alitoka wapi ni kufufua ukabila, hasa wakati ambapo neno "mhamiaji" limeshatumika kuwafukuza wafugaji Usangu mwaka 2006. Hofu hiyo naiheshimu. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na haimwulizi mwanakijiji babu yake alizikwa wapi. Tena utafutaji huu ukifanywa kwa uaminifu humharibia mkabila hesabu zake, kwa sababu Msukuma halisi wa Geita anajikuta ana babu wa Ukara na bibi wa Majita.

Kisiwa chenyewe hakijakatika na ng'ambo. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200 kilikuwa kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya, Ukara, kikiwa kimejaa watu na mizigo kupita kiasi. Safari hizo zinaendelea. Kwa hiyo msomaji wa Sengerema au Geita ambaye kwao husemwa tu kwamba "babu alitoka visiwani", kabla hujalipa nauli mwendee shangazi mkubwa kuliko wote. Muulize babu huyo aliacha shamba mikononi mwa nani, ng'ombe wa mahari ya bibi walitoka wapi, na babu mwenyewe alibatizwa parokia gani. Andika majibu pamoja na jina la aliyekuambia na tarehe, kisha ndipo upande kivuko.