Pima Memori Kabla ya Kulaumu Kompyuta

Kuna ugonjwa wa kompyuta ya mezani unaowatoa watu fedha bure. Mashine hujizima na kujiwasha katikati ya kazi, mafaili huharibika, na fundi husema nunua nyingine. Huenda mkosaji ni kipande cha memori kilichoongezwa juzi.

Memori si zote zinazochukuana. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo lao haliko mahali pamoja, na umeme wao ni volti 1.2 na 1.1. Kipande kikikataa kuingia, usikilazimishe. Vya aina moja vyenye kasi tofauti, vikipatana, hufuata mwendo wa kile cha polepole. Visipopatana, kompyuta huyumba.

Basi, rudisha kasi ya kawaida kwenye BIOS, zima, chomoa waya wa umeme, ubakize kipande kimoja. Endesha Memtest86+, programu ya bure, usiku kucha. Kesho yake pima cha pili katika tundu lile lile. Kikifeli kimoja tu, kirudishe dukani. Vikifeli vyote, shuku tundu.

Usipuuze hata kosa moja. Memori mbovu huweza kubadili tarakimu katika hesabu zako, nawe usijue.