Habari za Mizozo ya Dini Katika Televisheni na Wajibu wa Kuthibitisha



Ndugu msomaji, mwanzoni mwa mwaka 2013 sisi tulioko Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, tulikuwa tukimaliza sala ya Isha na kukimbilia taarifa ya habari. Mgogoro wa kuchinja ulikuwa umeshika kasi Kanda ya Ziwa, na mwezi Februari mchungaji mmoja aliuawa Buseresere, mkoani Geita, katika ghasia zilizotokana nao. Mkoa wetu ni wa wafugaji, na Waislamu ni wachache kati ya majirani zao. Kila picha iliyorushwa ilituachia swali: je, kesho tutasalimiana buchani?

Tuseme wazi kabla ya yote: kumuua mtu kwa sababu ya mzozo huo ni dhulma, na hakuna fakihi anayeihalalisha. Tunalotaka kulieleza ni namna habari zinavyotufikia, na lipi linalomlazimu anayezipokea.

Suala lenyewe lilikuwa nini?

Kwa desturi ya miaka mingi nchini mwetu, mnyama anayeuzwa kwa umma huchinjwa na Muislamu ili watu wote waweze kula. Baadhi ya Wakristo walidai nao wachinje na kuuza. Kifiqhi jambo hili lina upana. Aya ya 5 ya Suratul Maida inahalalisha chakula cha Ahlul Kitab. Lakini madhehebu ya Imam Shafi, yaliyoenea Afrika Mashariki, yanaweka sharti juu ya asili ya huyo Kitabi na wakati wahenga wake walipoingia katika dini hiyo, ilhali madhehebu mengine hayakulifunga jambo kiasi hicho. Upo pia mjadala wa kutaja jina la Allah, ambao kwa Shafi ni sunna na kwa wengi wengine ni wajibu.

Je, haya yanaelezeka kwa dakika mbili? Hayaelezeki. Kilichobaki kwenye skrini kikawa ni "Waislamu na Wakristo wagombea kuchinja". Tofauti ya wanazuoni na suala la utaratibu wa machinjio vikageuzwa kuwa vita vya dini mbili.

Televisheni inavyofanya kazi

CNN ilianza mwaka 1980 kurusha habari saa 24, na Al Jazeera, iliyoanzishwa mwaka 1996, ikaja kufanya hivyo baadaye. Kituo cha namna hii lazima kijaze saa zake zote. Ugomvi una picha; suluhu ya wazee chini ya mwembe haina. Basi huitwa wawili wenye ukali, picha moja ya moto hurudiwa mara ishirini, na mtazamaji hudhani miji ishirini inaungua.

Mfano ulio wazi ni wa mchungaji Terry Jones wa Florida, Marekani, aliyekuwa na waumini wapatao hamsini tu. Mwaka 2010 alitangaza kuchoma Msahafu. Kamera zilimfuata mpaka Rais Obama akalazimika kumzungumzia na Waziri wa Ulinzi akampigia simu. Akaahirisha, kisha akafanya uovu wake Machi 2011. Tarehe 1 Aprili mwaka huo umati wenye hasira ulivamia ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Mazar-i-Sharif, Afghanistan, na wafanyakazi saba wa Umoja huo wakauawa. Hakuna hata mmoja wao aliyechoma Msahafu.

Nasi tusijitakase. Februari 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia kwa miezi sita redio mbili kwa tuhuma za uchochezi wa kidini: Radio Imaan ya Morogoro, ya Waislamu, na Kwa Neema FM ya Mwanza, ya Wakristo.

Sheria inasemaje?

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inaamrisha kuthibitisha habari ya fasiki kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa ilishuka kuhusu Banu Mustaliq, walioletewa habari kuwa wamekataa zaka. Ilibaki kidogo wapigwe vita, na kumbe hawakukataa.

Katika tukio la Ifk, mzushi alikuwa mnafiki, lakini miongoni mwa walioadhibiwa walikuwamo waumini waliorudia tu yale waliyoyasikia. Kwa hiyo kusema "nimeona kwenye televisheni" si udhuru. Aya ya 83 ya Suratun Nisaa nayo inataka habari za amani na khofu zirejeshwe kwa wenye mamlaka na ujuzi.

Muhadithina waliuliza: nani kasema, kamsikia nani, je ni mwadilifu, na alikuwepo? Maimamu wetu waulize hivyo hivyo.

Kwanza, imamu asipandishe mimbarini habari ya jana usiku kabla ya kumuuliza aliyeko eneo la tukio. Pili, atenganishe tukio na maelezo ya mtangazaji. Tatu, awe na mawasiliano na viongozi wa dini nyingine katika kata yake kabla ya mzozo, kwani siku ya mzozo huwa amechelewa. Nne, afundishe fiqhi ya kuchinja msikitini, ili waumini wasiipokee kwa mara ya kwanza kutoka katika taarifa ya habari.

Mtangazaji akishamaliza habari yake huhamia mji mwingine. Sisi na majirani zetu tunabaki Bariadi.

Wallahu a'lam.