Mpima Masikio na Aanze kwa Kidigo

Kazi ya kupima usikivu haijazoeleka sana huku kwetu. Aghalabu wanaoisomea Kenya ni matabibu waliokwisha hitimu, wakarudi chuoni kuongeza elimu. Darasani hufundishwa mitambo na hesabu zake, kisha hupelekwa hospitalini wakajifunze kwa watu, chini ya macho ya mkubwa wao. Mmoja wao, kijana wa bara, alikubali nikae kando yake siku mbili, katika hospitali moja iliyo kati ya Diani na Msambweni.

Mtambo haukumshinda. Kilichomtoa jasho ni adabu za wazee wetu. Mgonjwa huvishwa vipokea sauti masikioni, akapewa kitufe mkononi. Mlio hutolewa, mnene wa hezi 250 hata mwembamba wa hezi 8000, ukipunguzwa kidogo kidogo, naye hubonyeza kila ausikiapo. Kijana alimwambia mzee mmoja, "Ukisikia, bonyeza." Mzee akatulia tuli. Kwake yeye, mtu mzima hajibu jambo asilolisikia barabara, basi akangoja mpaka mlio uwe mkubwa ndipo akabonyeza. Karatasi ikaonyesha karibu kiziwi. Mkubwa wa kijana akaitazama, akamtazama mzee aliyekuwa akizungumza naye vizuri tu, akasema rudia. "Baba, hata ukidhani tu umesikia, hata ukiwa na shaka, bonyeza." Mstari ukapanda.

Baadaye yakaja maneno. Mgonjwa hutamkiwa neno, naye hulirudia. Maneno 25, kila moja alama 4 katika mia. Marekani walitunga orodha zao za maneno ya silabi moja tangu miaka ya 1940 na 1950, lakini kwetu maneno ya namna hiyo ni haba, wala huwezi kuichukua orodha ya Kiingereza ukampimia bibi wa Kwale. Kijana alikuwa na maneno yake ya Kiswahili. Akasema "kisu". Bibi akajibu "chisu". Kijana akatia alama ya kosa.

Muuguzi mmoja, mwana wa Diani, alikuwa amesimama mlangoni. "Huyo amesikia," akasema. "Kisu chako kwake ni chisu." Msomaji wa Kwale atacheka, lakini si jambo la kuchekesha. Makosa matano ya namna hiyo ni alama 20, na kwa alama hizo bibi angeandikwa kuwa maneno hayapati, akaonekana kama mtu asiyefaidika na kifaa cha kusaidia kusikia, ilhali ulimi wake tu ndio uliopimwa. Lugha yake mwenyewe huiita Chidigo. Mgeni angepata fununu hapo.

Hapa niruhusiwe kutia neno la chuoni. Sisi tuliosoma mbele ya mwalimu wa Kurani tulitenganishiwa sini na swadi kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho. Tulifundishwa kwamba ziko herufi kumi za hamsi, zitokazo kwa pumzi, sauti yake imefifia. Sini imo, na fa, na tha. Hizo hasa ndizo sikio la uzeeni huzipoteza mapema, kwa kuwa nguvu yake imo katika milio myembamba, nayo ndiyo ifayo kwanza. Irabu husalia. Ndiyo maana mzee hukwambia, "Sauti naisikia, neno silipati," na watoto wake hudhani anajitia. Kijana aliyajua hayo kwa michoro. Siku ile aliyajua kwa bibi, maana alipomhesabia "chisu" sawasawa, makosa yaliyobaki yalikuwa ya "safi" na "fisi", na hayo yalikuwa makosa ya kweli.

Kwa watoto alifanikiwa upesi zaidi. Mtoto wa miaka mitatu humwambii abonyeze kitufe, humfanyia mchezo: kila asikiapo mlio, atumbukize kitu chomboni. Vitu vya plastiki vilikuwa vimepotea zamani. Muuguzi akaleta komwe za bao na kifuu cha nazi. Mtoto mmoja, ambaye sikio lilikuwa likitoka usaha tangu kaskazi, alitumbukiza komwe kumi na mbili asichoke, mama yake akihesabu kwa midomo.

Kijana aliandika yote katika daftari dogo: maneno ya Kidigo na matamshi yake, namna ya kumwambia mzee abonyeze, hata hizo komwe. Muda wake hapo ulikuwa majuma sita. Nilimwuliza daftari litakwenda wapi, akasema ni lake, ataondoka nalo. Mwenzake ajaye ataanza tena kwa "kisu". Nilimwomba anakili kurasa zile, azibandike ukutani juu ya mtambo, na muuguzi akasema gundi ipo.