Pikipiki Inanguruma: Pima Beringi za Krenki

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, kama unaendesha pikipiki ya tustroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, sikiliza vizuri.

Oili hiyo ndiyo inayolainisha beringi za krenki. Ukiipunguza ili kubana matumizi, beringi hulika.

Dalili yake ni mngurumo mzito kutoka chini ya injini, unaozidi unapovuta mafuta. Usikisie, pima. Zima injini, iache ipoe, toa plagi, kisha fungua kifuniko cha magneto. Shika magneto kwa mikono miwili, uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe polepole, ikikwaruza, hiyo nayo ni dalili.

Usipakie tena abiria. Krenki ikicheza, sili huharibika, hewa huingia, injini hupata joto kali na inaweza kukwama ghafla. Tairi la nyuma likijifunga njiani, utaanguka na uliyembeba. Likijifunga, kamata klachi mara moja.

Ukibadilisha beringi, badilisha na sili zake. Gharama ya beringi ni ndogo kuliko ya mguu uliovunjika.