KUFILISIKA SI KUTOROKA

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa Chwele methali hii haihitaji kufafanuliwa na mwalimu. Ukipita sokoni utawaona wanaonunua vitunguu, nyanya na mahindi kwa mkopo, wakitarajia kulipa wakishauza. Bei ikianguka au mvua ikiozesha mzigo, deni hubaki palepale likingoja. Ndipo utasikia watu wakinong'ona, "Fulani amefilisika!" Kesho yake huyo fulani haonekani. Ati amevuka Lwakhakha usiku, yuko Uganda.

Darasani kwetu tulikuwa na mwenzetu ambaye baba yake aliondoka namna hiyo. Waliomdai walikuja wakabeba viti, redio na hata baiskeli iliyokuwa ikimleta kijana shuleni. Muhula uliofuata hakurudi. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, mtu aliyelemewa na madeni hana njia nyingine ila kutoroka? Nimeuliza, nimesoma, na kumbe njia ipo katika sheria ya nchi.

MUFILISI NI NANI?

Neno mufilisi limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu ya neno fulusi, yaani pesa. Mitaani humwita hivyo yeyote aliyeishiwa, lakini kwa sheria mtu hawi mufilisi mpaka itolewe amri ya kumtangaza hivyo. Mwenye uwezo wa kuitoa amri hiyo ni Mahakama Kuu. Minong'ono ya sokoni haitoshi, na hata chifu hana uwezo huo.

Watu wengi pia huchanganya jambo hili na kuwekwa katika orodha ya CRB. Hayo ni mambo mawili tofauti. CRB ni mashirika yanayowekea benki kumbukumbu za namna mtu anavyolipa mikopo yake. Mtu anaweza kuingizwa humo kwa sababu ya mkopo mdogo wa simu, na asiwe mufilisi hata kidogo.

Sheria inayotawala jambo hili inaitwa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Iliondoa sheria kuukuu tuliyorithi kutoka enzi ya ukoloni. Chini ya ile ya zamani, mufilisi alilazimika kurudi mahakamani kuomba aondolewe jina hilo, na asipoomba aliweza kukaa nalo miaka na miaka. Sheria ya sasa humwachilia miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, isipokuwa pawe na pingamizi.

Kampuni nazo huanguka. Wazee wetu wanakumbuka kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan Paper, kilichotiwa mikononi mwa wasimamizi wa wadai mwaka 2009 na kuuzwa mwaka 2016. Lakini kampuni zina taratibu zake. Mimi hapa nazungumza juu ya mtu binafsi: mama wa nyanya, mwenye duka, mwenye pikipiki.

JINSI YA KUJUA NANI AMETANGAZWA

Tuseme mtu anataka umpe magunia mia ya mahindi, atakulipa mwezi ujao. Unataka kujua kama ni mufilisi. Hebu tazama mahali patatu.

Kwanza ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka kila Ijumaa. Matangazo ya ufilisi huchapishwa humo. Siku hizi unaweza kulisoma bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, ambamo pia mna hukumu za mahakama. Ukiwa na simu au ukienda saiba, andika jina unalotafuta. Lakini tahadhari! Huku kwetu akina Wafula na akina Nekesa ni wengi kama mchanga. Usimchafulie mtu jina kabla ya kulinganisha majina yote, anwani na kazi yake.

Pili ni ofisi ya Mpokezi Rasmi. Huyu ni afisa wa serikali anayesimamia mambo ya waliofilisika, na ofisi yake iko Nairobi chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Kumbukumbu za walio mufilisi na waliokwisha kuachiliwa huwekwa huko, na mwananchi anaweza kuomba kujulishwa.

Tatu ni masjala ya Mahakama Kuu. Sisi wa Chwele tuko kaunti ya Bungoma, kwa hiyo mahakama yetu ni ile ya mjini Bungoma. Lakini kama mtu anaishi au anafanyia biashara upande wa Trans Nzoia, uliza Kitale. Ukiwa na nambari ya kesi kazi huwa nyepesi. Mahakama za Sirisia na Kimilili ni za mahakimu, kwa hiyo usiende huko kutafuta kesi za ufilisi.

Kwa nini kumbukumbu hizi ziwe wazi? Sababu moja ni kumlinda anayekopesha. Sababu nyingine ni uongozi. Katiba ya mwaka 2010, katika vifungu vya 99 na 193, inasema kwamba mufilisi ambaye hajaachiliwa hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge wala mwakilishi wa wadi. Mpiga kura ana haki ya kujua.

NJIA ZILIZOPO KWA ANAYEDAIWA

Katika Kiswahili anayedai huitwa mwia na anayedaiwa huitwa mwiwa. Mwiwa aliyeshindwa ana milango kadhaa, na si lazima akimbilie ule wa mwisho.

Mlango wa kwanza ni kuzungumza na wawia wake wote na kuwaeleza ukweli. Sheria inamruhusu kuwapa pendekezo la kulipa sehemu au kulipa polepole, nao wakikubali kwa kura, mapatano hayo huwafunga.

Mlango wa pili ni kuomba amri ya kulipa kwa awamu kupitia kwa Mpokezi Rasmi. Huu unamfaa mtu mwenye pato dogo lakini la uhakika.

Mlango wa tatu ni wa asiye na mali. Mtu ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na shilingi 4,000,000, hana mali ya kuuzwa, hana uwezo wa kulipa, na hajawahi kuwa mufilisi wala kuutumia mlango huu, anaweza kumwomba Mpokezi Rasmi amwingize katika utaratibu huu. Baada ya miezi 12 huachiliwa.

Mlango wa nne ndio kuomba ufilisi wenyewe. Mwiwa hupeleka ombi Mahakama Kuu akisema hawezi kulipa madeni yake. Huambatanisha taarifa ya kila alicho nacho na kila anachodaiwa: shamba, ng'ombe, akiba katika chama, deni la duka, karo, mkopo wa simu. Amri ikitolewa, mali yake huwa chini ya msimamizi, ambaye huiuza na kuwagawia wawia. Mwia naye anaweza kwenda mahakamani mwenyewe. Kwa kawaida humpa mwiwa hati ya madai, na siku 21 zikipita bila malipo wala pingamizi, huomba atangazwe.

Je, watamwachia nini? Hapa ndipo nilipofurahi. Sheria humwachia vifaa vinavyohitajika katika kazi yake, pamoja na nguo, matandiko na vyombo vya lazima vya nyumbani kwake. Fundi hanyang'anywi cherehani yake, wala watoto hawavuliwi mablanketi.

Lakini msidhani ni chakula cha bure. Akiwa mufilisi hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa. Akificha mali au kusema uwongo katika taarifa yake, hilo ni kosa la jinai. Madeni ya udanganyifu hayafutiki, wala pesa za matunzo ya watoto. Tena, kama shamba limewekwa rehani benki, ufilisi hauliokoi. Benki bado ina haki juu ya rehani yake.

Kuhusu gharama, mtu anaweza kujipeleka mahakamani bila wakili, ingawa kazi hiyo ni ngumu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasiojiweza. Ni vyema kuuliza.

KWA NINI KUTOROKA HAKUFAI

Wengi hutoroka kwa kuogopa jela. Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inaruhusu mwiwa aliyeshindwa kesi kufungwa jela ya madai, kwa muda usiozidi miezi sita. Lakini mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye tangu 2021 ni Jaji Mkuu, aliamua katika kesi moja kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba ni kinyume cha mkataba wa kimataifa ambao Kenya iliukubali. Majaji wengine baadaye walisema jela hiyo haijafutwa, ila ni lazima mwiwa apewe nafasi ya kujieleza kwanza.

Basi ni nani anayeweza kufungwa? Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinawataja: anayeweza kulipa lakini anakataa, anayeficha au kuhamisha mali kwa hila, na anayeelekea kutoroka. Mmeona? Yule anayekimbia usiku kwa kuogopa jela ndiye anayejipeleka jela! Na hata akifungwa miezi yote sita, deni haliishi. Atatoka alikute.

Tena anayetoroka huacha watu nyuma. Hati zile za mahakama zingemlinda mama jikoni na mtoto kitandani, lakini hakuna wa kuziomba. Wawia wanapokuja hakuna anayejua nani anadai nini, kwa hiyo kila mtu hubeba kinachobebeka. Angebaki na kuandika orodha ya madeni yake, pengine baiskeli ile ingekuwa bado inamleta kijana shuleni.

Wenzangu, mali bila daftari huisha bila habari. Tukirudi nyumbani tuwasaidie wazazi wetu kuandika wanachodaiwa na wanaowadai, maana wengi wetu tunasoma na kuandika kuliko wao. Orodha hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo mahakama itaiuliza, na ndiyo itakayomwonyesha mzee mapema kwamba mambo yameharibika, kabla hajaanza kuwaza njia ya Lwakhakha. Dawa ya deni ni kulipa. Na asiyeweza kulipa, aende aseme hivyo mchana, mbele ya watu, penye sheria.