Kinu cha Jirani wa Juu

Leo tutasoma habari za kelele katika nyumba za ghorofa.

Hapa Pemba, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba za ghorofa zilijengwa Wete, Chake Chake na Mkoani. Hata leo nyingine hujengwa. Pengine wewe umetoka katika nyumba ya miti na udongo, ukapata ufunguo wa nyumba mpya. Usiku wa kwanza hukulala. Kinu cha jirani wa juu kilisikika kama kimo chumbani mwako!

Sababu yake ni nini? Sauti ina njia mbili. Maneno ya watu hupita hewani, yakaingia chini ya mlango na dirishani. Hayo utayapunguza mwenyewe: ziba nafasi kwa kitambaa, tundika pazia zito. Lakini kishindo cha mchi hupita ndani ya zege lenyewe. Hewani sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Katika zege hupita mita 3,000. Pazia halifai kitu hapo. Kishindo huzuiwa pale kinapoanzia, yaani chini ya kinu.

Basi dawa iko kwa jirani. Usigonge dari kwa mpini wa fagio. Utaongeza kelele na ugomvi. Jaza usumba katika gunia, panda ngazi, piga hodi. Mwambie, "Dada, nimekuletea kitu cha kuwekea kinu. Mtoto wangu halali." Mchi ukishuka, usumba hubonyea, na kishindo hupungua. Hakiishi chote, lakini mtoto atalala.

Miguu ya viti nayo ivalishwe vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu.